Sharti la Miti

Mradi wa Udongo na Mito,
Kisii.
9 Februari 1970

Mpendwa dada Loice,

Hujambo, mwalimu? Nasikia siku hizi watoto wa huko Ogembo wanasimama ukipita. Mimi hapa mjini naitwa "yule msichana wa maneno". Ndiyo kazi niliyopata: kuandika maneno ya mabango, hotuba za baraza, na yale yanayotangazwa kwa kipaza sauti kutoka kwenye Landrova ya mradi. Mimi, niliyekuwa nikijificha nyuma ya mlango wa bweni ili nisiitwe kusoma mbele ya wenzangu!

Sasa nina shida, na shida yenyewe iko kwenu. Kila masika mto Gucha unageuka rangi ya chai ya maziwa, na sehemu kubwa ya udongo huo inatoka kwenye mteremko mnakokaa ninyi watu wa Maragoli. Tumeleta mabango. Tumeleta kipaza sauti. Tumeleta miche ya bure. Watu wenu wanakaa, wanasikiliza, wanapiga makofi, wanatushukuru kwa heshima kuliko watu wetu wote. Kisha hawapandi hata ufito.

Juzi Bwana Nyangau, mkuu wa mradi, alisema mbele ya wafanyakazi wote: "Mgeni hana uchungu na udongo wa mwenyeji." Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikukumbuka wewe, jinsi ulivyokuwa ukifagia majani ya uwanja wa shule na kuyazika kwenye kitalu cha mboga wakati wengine wanayachoma.

Niambie kweli, kama dada. Wanaposikia maneno yetu, wanasikia nini?

Wako,
Bathsheba Nyanchera

*

Shule ya Msingi,
S.L.P. Ogembo.
20 Februari 1970

Mpendwa Bathsheba,

Barua yako nilimsomea Mama jikoni nikiitafsiri kwa Kilogoli. Alikuuliza hali mara mbili, ya kwanza kwa salamu, ya pili kwa sababu nilipomjibu alisema nimejibu haraka mno.

Kuhusu bango lenu: limebandikwa kwenye ukuta wa duka, na jirani yetu Drusilla alilitazama siku nzima ya soko. Akasema, "Huyu mwanamume amevaa viatu vya mvua na kofia, na jembe lake halina hata tope. Analima ofisini?" Watu wakacheka mpaka mwenye duka akatoka nje. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni maneno yaliyo chini ya picha. "Linda urithi wa babu zako." Bathsheba, babu zetu wamezikwa Maragoli. Baba yangu pia alizikwa Maragoli, tulimsafirisha kwa lori usiku wa mvua. Mnatuambia tulinde makaburi ya babu zenu, na mnashangaa tukipiga makofi na kwenda nyumbani.

Usidhani hatuna uchungu na udongo. Kila mvua kubwa ikipita, Mama hushuka na karai mpaka kwenye ukingo wa mto, anazoa udongo ulioteremka, anaupandisha kichwani na kuumwaga juu shambani. Watoto wa wenyeji humwimbia wimbo wa kumdhihaki. Yeye hurudi kuzoa karai la pili.

Hatupandi miti kwa sababu hatukuruhusiwa. Nakwambia wewe tu. Baba alipokuja hapa kujenga kanisa, Mzee Onchiri alimpenda, akampa mteremko huu akae na watu wake. Walichinja mbuzi, wakala pamoja, na mzee akaapa mbele ya wazee wenzake: "Kaeni, ninyi na watoto wenu. Limeni mnachokula na kumaliza ndani ya mwaka. Msipande mti, maana anayepanda mti amejitwalia ardhi. Mkilishika neno hili, mtu wa kwangu atakayewafukuza, kiapo kimpate." Unajua mwenyewe watu wenu wanavyokiogopa kiapo, ile emuma. Mzee Onchiri alikufa, na mwanawe Nyamweya anatamani kupanda majani chai mpaka majini, lakini hathubutu kutugusa. Lile sharti ndilo linalotuzuia, na ndilo linalotulinda.

Mama husema tunaishi kama mtu aliyeketi kwenye ncha ya kiti, asiyeweza kuegemea. Wapimaji wa ardhi wanakuja mwaka huu kuandikisha kila shamba kwa jina la mwenyewe. Huo ndio woga wetu. Nakuomba usiupeleke ofisini. Mtu akijua unachoogopa amekushika mkono.

Rafiki yako,
Loice Kageha

*

Kisii,
3 Machi 1970

Loice wangu,

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Nililia, kisha nikaona aibu kulia, kisha nikachukua karatasi.

Umenifungulia macho. Tumekuwa tukiwazungumzia kuhusu jana, na ninyi mnawaza kesho. Tumewapa babu, na mnachotaka ni mahali pa kuegemea. Nikaandika maneno mapya. Haya hapa: "Panda mti, uwe na kwako." Hakuna babu, hakuna urithi. Chini yake nimeeleza kwamba miti ya ukingo wa mto ni ya mradi na ya wakazi pamoja, na kwamba anayeutunza ukingo ndiye atakayehesabiwa kuwa mkazi.

Usikasirike. Ilibidi nimweleze Bwana Nyangau habari ya lile sharti, kwa maana bila ridhaa ya Mzee Nyamweya maneno yangu ni upepo. Nilimweleza kwa undani ili aelewe, na kwa kweli alielewa, akaniambia, "Binti, umefanya kazi ambayo sisi wazee tumeshindwa." Atakwenda mwenyewe kuzungumza na mzee. Sikukutaja jina.

Nina ombi moja tu. Watu wako hawatayaamini maneno haya yakitoka kwenye mdomo wa Mkisii. Yatafsiri kwa Kilogoli, na uyaseme wewe barazani. Wewe wanakuamini.

Bathsheba

*

Ogembo,
10 Machi 1970

Bathsheba,

Nilikuomba usiupeleke ofisini, ukaupeleka. Nimejaribu kukukasirikia nimeshindwa, labda kwa sababu na mimi nayataka maneno hayo yawe kweli. Nimeyasema peke yangu njiani kwenda shuleni. Kwa Kilogoli ni matamu kuliko kwa Kiswahili.

Lakini Mama ameuliza swali moja, nami nakuuliza kama lilivyo: Nyamweya amekubali? Usiniandikie kuhusu mradi. Niandikie kama umemsikia.

Loice

*

Kisii,
16 Machi 1970

Dada yangu,

Amekubali. Nisingekuandikia kama sivyo. Bwana Nyangau alikwenda kwake Jumapili, wakanywa chai, akarudi akiwa na furaha. Mwambie Mama awe na amani. Landrova itafika kwenu siku ya baraza na miche ya kutosha kila nyumba.

Wako daima,
Bathsheba

*

Ogembo,
27 Aprili 1970

Bathsheba mpendwa,

Ungekuwepo! Kwa nini hukuja? Dereva alisema una kazi ya ofisi.

Nilisimama mbele ya watu wetu, nikayasema. Wakatazamana. Nikayasema tena. Drusilla akainuka, mkono kiunoni, akaniuliza, "Loice, hayo ni maneno yako au ya Landrova?" Nikamwambia ni yangu. Akasema, "Basi kama ni yako, nami nitapanda. Ya Landrova ningeyapanda huko huko kwenye Landrova." Mpaka Bwana Nyangau alicheka, ingawa hakuelewa neno.

Tumepanda ukingo wote. Wanaume ambao huwa hawaondoki kwenye bao walichimba mashimo mpaka jioni. Watoto wanachota maji kumwagilia, ingawa mvua ipo, kwa sababu wanataka tu kuwa na cha kumwagilia.

Mama hakutosheka na mikaratusi ya mradi. Alisafiri kwenda Maragoli, akarudi na mche wa lusiola, ule mti ambao kwetu hupandwa penye boma la mtu, umefungwa kwenye kitambaa kibichi, akaupanda hatua chache kutoka mlangoni. Tangu nizaliwe sijamwona amekaa nje ya nyumba bila kazi mkononi. Sasa anakaa. Anautazama.

Nakushukuru. Niliogopa kukuamini, na sasa naona haya.

Loice

*

Kisii,
6 Julai 1970

Loice,

Samahani kwa ukimya. Wageni kutoka Nairobi walikuja kuuona mteremko wenu, wakapiga picha, wakaniuliza jinsi maneno yale yalivyopatikana. Nilisema niliwasikiliza wakazi. Bwana Nyangau anasema huenda nikapelekwa kwenye kozi Nairobi, mwaka mzima. Mama yangu huko Manga ameanza kunishonea fulana za baridi kana kwamba Nairobi iko Ulaya.

Nimewaona wapimaji hapa mjini wakinunua kamba na vigingi. Msiwe na hofu. Mtahesabiwa.

B. Nyanchera

*

Ogembo,
12 Oktoba 1970

Bathsheba,

Wapimaji walifika juzi pamoja na kamati ya ardhi. Mzee Nyamweya alikuja amevaa koti la baba yake. Hakupiga kelele. Aliwapitisha wazee ukingoni, akagusa kila mti kwa bakora yake, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Mwisho akaja mlangoni kwetu, akagusa lusiola.

Kisha akasema: "Baba yangu aliapa kwamba wakilishika neno, asiwafukuze mtu. Nimekiheshimu kiapo hicho mpaka leo. Sasa tazameni wenyewe. Nani amelivunja neno?"

Wazee wakatikisa vichwa. Sisi tukasema mradi ndio ulituambia, na yeye alikubali. Akashangaa kwa uso kabisa. "Mimi? Nilikubali mbele ya nani?"

Bwana Nyangau alikuwa amesimama kando ya Landrova. Watu wetu wote wakamgeukia. Akainama, akafunga kamba ya kiatu.

Lakini siyo hilo ninalokuandikia. Nyamweya akiondoka aliwaambia wazee, akicheka, "Watu hawa wamekaa kwenye ncha ya kiti miaka mingi. Leo wamejaribu kuegemea." Maneno hayo Mama aliyasema jikoni kwetu, kwa Kilogoli. Niliyatafsiri mara moja tu maishani, nikamwandikia mtu mmoja.

Loice Kageha

*

Kisii,
19 Oktoba 1970

Loice, dada yangu,

Naapa sikujua. Baada ya barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nyangau, nikafunga mlango. Nilimwuliza kama Nyamweya alikubali. Hakukana. Alisema alimweleza mzee kila kitu, hata maneno ya Mama kuhusu ncha ya kiti, yakamchekesha. Na kwamba mzee hakukubali lolote, ila alimwomba anyamaze mpaka miti ishike. "Mimi nilitaka miti," akaniambia, "yeye alitaka shamba. Kila mmoja amepata. Ardhi si kazi ya mradi huu, binti."

Nilimwambia ni uovu. Akaniambia nikae chini nimalize bango la Sironga.

Nifanye nini? Niambie lolote, nitalifanya.

Bathsheba

*

Ogembo,
26 Oktoba 1970

Bathsheba,

Fanya moja. Kamati itasikiliza shauri letu kwenye kambi ya chifu hapa Ogembo, Jumatano ya tarehe 18 Novemba. Njoo useme hayo uliyoniandikia. Kwamba Nyangau alikwambia Nyamweya amekubali, na baadaye akakiri kwamba hakukubali. Mzee Machogu, mwenyekiti wa kamati, ni mtu anayemcha Mungu na anakiogopa kiapo kuliko Nyamweya. Ametuambia wazi: ikithibitika kwamba tulidanganywa ili tulivunje neno, basi hatukulivunja, na kiapo bado kinasimama. Barua zako sitazitoa. Nyamweya atasema tumeziandika wenyewe, na wazee wale wanaamini mdomo wa mtu aliyesimama.

Hatuna shahidi mwingine. Drusilla ameacha kunisalimu, lakini ameniuliza, "Yule rafiki yako atakuja?" Nikamwambia utakuja.

Loice

*

Kisii,
23 Novemba 1970

Loice,

Ulikataa kunitazama nilipokuwa natoka, kwa hiyo naandika.

Usinihukumu kwa neno moja. Hukujua asubuhi yangu ilivyokuwa. Bwana Nyangau alisema hakuna haja ya mimi kwenda na basi, nikapanda naye. Njia nzima hakunitisha. Ningejua la kufanya kama angenitisha. Alizungumza kuhusu Nairobi, kwamba barua ya kozi imefika na inangoja sahihi yake. Akauliza habari za baba yangu. Akasema ninyi mna kwenu Maragoli, mtapokelewa, ila msichana anayesimama hadharani kumwita mkuu wake mwongo hapokelewi popote.

Mzee Machogu aliponiuliza kama Nyamweya alikubali mbele yangu, nilisema hapana. Hiyo ni kweli. Aliponiuliza kama Bwana Nyangau aliniambia kwamba amekubali, nilimtazama Bwana Nyangau, nikasahau hata jina langu. Nikasema sikumbuki vizuri. Alinirudishia swali, akiniita mwanangu. Nikasema tena.

Loice, nilipokuwa natembea kuelekea mbele nilikuwa nimekusudia kusema yote. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyapanga.

Naondoka Januari. Kabla ya hapo nataka nije niwaone, wewe na Mama, popote mtakapokuwa. Nataka nimpigie magoti. Niambie mko wapi.

Bathsheba

*

Maragoli,
11 Januari 1971

Bathsheba,

Barua yako ilitumwa shuleni, mwalimu mkuu akaileta huku baada ya Krismasi.

Ulikuwa umekwisha kuondoka na Landrova wakati Mzee Machogu aliposimama. Alisema anasikitika. Alisema macho yake yanamwambia kuna neno limefichwa, lakini kamati haiwezi kuhukumu kwa macho, na shahidi pekee wa wageni hakumbuki. Tukapewa muda mpaka mahindi yakauke.

Hatukungoja. Nyamweya aling'oa mikaratusi kabla hatujamaliza kufunga mizigo. Chai inahitaji jua. Hakuna mtu wa mradi aliyekuja kumzuia. Picha walishapiga. Lusiola aliuacha Mama aung'oe mwenyewe, nadhani kwa heshima. Mama hakuung'oa. Alifunga mlango akapita kando yake kama unavyopita kando ya mtu aliyelala.

Drusilla na watoto wake wamekwenda kutafuta kibarua mashambani huko Kitale. Siku ya kuondoka alinijia, nikadhani amekuja kunisamehe. Aliniambia, "Nilikuuliza ni ya nani, ukasema ni yako." Basi. Ana haki. Ulinipa maneno, nikayavalisha sauti yangu, na watu wetu waliyafuata kwa sababu ya sauti. Hata leo, nikilala, nayasikia kwa Kilogoli, na bado ni matamu. Hilo ndilo siwezi kukusamehe. Uongo wa Nyangau ulikuwa wa kawaida, wa mtu anayetaka kitu. Wewe ulikwenda ukachukua tamaa yetu ya ndani kabisa, ukaipima vizuri, ukaishona ikatutosha. Hakuna mtu aliyewahi kutuelewa kama wewe.

Unasema ulikuwa umekusudia. Naamini. Nimekujua tangu bwenini, nilikuwa nikikushikia zamu yako ya kuongoza sala kila jioni ya Jumatano, na kila mara ulikuwa umekusudia kuomba mwenyewe.

Hapa tumepewa nyumba ndogo nyuma ya kwa ami yangu. Shamba ni la kuruka kwa mguu mmoja. Majirani wanatuita Wakisii.

Sasa kuhusu kuja. Siku ya shauri, wanawake waliwekwa nje, nyuma ya ua wa chifu, isipokuwa mimi niliyeitwa kutafsiri, na kilichosemwa ndani Mama hakukisikia. Aliponiuliza nilimwambia tulishindwa. Akauliza, "Na Bathsheba?" Nikamwambia ulikuja. Akasema, "Nilijua angekuja," na mpaka leo katika sala zake za asubuhi jina lako linatajwa kabla ya langu, kwa kuwa wewe ni mtoto wa watu na ulituonea huruma. Sijamwambia. Amepoteza mteremko na nyumba. Sitamwondolea na hilo.

Kwa hiyo usije. Ukija atakuchinjia kuku, atakupa firigisi kwa mkono wake, na mimi itanilazimu niketi nile nawe.

Loice Kageha